Miaka Kumi ya Petroli Yenye Pombe

Kati ya 1983 na 1993, magari ya Nairobi yalikuwa yanakunywa pombe, na serikali ndiyo iliyoyanywesha. Si utani. Dereva akiingia petroli stesheni, alichowekewa kwenye tangi kilikuwa mchanganyiko: sehemu tisa za petroli, sehemu moja ya ethanoli iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa. Mafuta hayo yaliitwa gasoholi. Yaliuzwa miaka kumi hivi, kisha yakatoweka. Leo ukimuuliza kijana wa rika langu kuhusu gasoholi, atakutazama kama umemuuliza habari za Vasco da Gama.

Mimi ni mtu wa Ukunda. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo kemia yangu ni ile ya fomu foo, na nyingine nimeiokota gereji nikiandika makala za watu wengine kwa malipo. Lakini hii habari imenikaa kichwani kwa sababu moja. Kila bei ya mafuta ikipanda, kuna mtu hujitokeza akasema: tuna miwa, tuna molasi, mbona tusichanganye pombe na petroli kama Brazil? Na mwingine humjibu palepale: hiyo kitu itaua injini za zamani, zile za kabureta. Wote wawili huongea kana kwamba jambo hili halijawahi kufanyika hapa. Limefanyika. Tatizo ni kwamba lilifanyika Nairobi, na Nairobi si Ukunda. Nikimaliza utaona kwa nini tofauti hiyo si ya ramani tu.

Tuanze na 1973. Vita vya Mashariki ya Kati vilifanya nchi za Kiarabu kubana mafuta, na kwa miezi michache tu bei ya pipa duniani ikapanda karibu mara nne. Kenya haikuwa na kisima hata kimoja. Kila tone lilikuja kwa meli, likasafishwa Changamwe kwenye kiwanda kilichofunguliwa 1963, kisha likapandishwa bara. Kuanzia 1978 lilipandishwa kwa bomba refu kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mwaka uliofuata, mapinduzi ya Iran yakapandisha bei tena. Kwa nchi inayolipia mafuta kwa dola za kahawa na chai, hilo lilikuwa pigo juu ya pigo.

Wakati huohuo, magharibi mwa nchi, viwanda vya sukari vilikuwa vimeongezeka: Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973. Ukikamua miwa ukatoa sukari, kinachobaki ni uji mweusi mzito, ndiyo molasi. Ng'ombe wanaipenda, na wapishi wa chang'aa wanaipenda zaidi. Serikali ikaona kile ambacho mpishi wa chang'aa alishakiona zamani: hii molasi ni pombe inayosubiri kupikwa.

Miradi ikawa miwili. Wa kwanza ulikuwa Kisumu, mkubwa mno, wa kutengeneza ethanoli pamoja na kemikali nyingine nyingi. Gharama zikapanda, pesa zikaisha, na mapema miaka ya 1980 mitambo ikaachwa ikila kutu. Jina lake lilikuja kusikika tena kwa njia ya kuogofya. Februari 1990 aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa, na mabaki yake yakapatikana kwenye kilima cha Got Alila, karibu na nyumbani kwake Koru. John Troon, mpelelezi aliyeletwa kutoka Scotland Yard, aliutaja mradi wa molasi wa Kisumu miongoni mwa mambo ambayo huenda yalihusiana na kifo hicho. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia.

Mradi wa pili ulikuwa mdogo na wa kawaida, na labda ndiyo sababu ulifaulu. Agro-Chemical and Food Company iliundwa 1978, ikajengwa Muhoroni kando ya kiwanda cha sukari, na mapema miaka ya 1980 ikaanza kutoa ethanoli. Uwezo wake ulikuwa takriban lita 60,000 kwa siku. Hapo ndipo gasoholi ilipozaliwa.

Sasa, pombe ya gari si pombe ya mtu. Mpishi wa chang'aa akichemsha kangara yake na kupoza mvuke, anapata pombe yenye maji mengi ndani, na mteja wake hajali. Hata ukirudia kuchemsha mara ngapi, kwenye asilimia 96 hivi unagonga ukuta: pombe na maji yaliyobaki hupanda mvuke pamoja na hayaachani tena. Ili ethanoli iingie kwenye petroli, lazima hayo maji ya mwisho yatolewe kwa mtambo maalum. Na baada ya kuyatoa, ethanoli hubaki na kiu. Inavuta maji popote inapoyapata, iwe kwenye tangi, kwenye mpira, au hewani. Hii kiu ndiyo mzizi wa nusu ya lawama zote utakazozisikia kuhusu mafuta haya.

Nusu nyingine inatoka kwenye kabureta yenyewe. Kuna fundi mmoja hapa Ukunda, mtu mzima, aliyefanya kazi Nairobi miaka hiyo ya themanini kabla ya kurudi Pwani. Nilimuuliza: "Mzee, ni kweli gasoholi ilikuwa inaharibu magari?" Akacheka. "Mwanangu, spiriti ni sabuni. Gari lako likiwa safi, halina neno. Likiwa chafu, ule uchafu wote unashuka kwa kabureta."

Ndivyo kweli. Tangi la gari lililotembea miaka kumi kwa petroli ya kawaida lina kutu, lina utando, lina gundi ya mafuta ya zamani. Ethanoli inalegeza hayo yote. Uchafu unasafiri mpaka kwenye jeti, kile kitundu chembamba kinachopima mafuta, na jeti ikiziba gari linakohoa na kuzimika. Mwenye gari anasema mafuta mapya yameua injini. Fundi anafungua, anapuliza jeti, anabadilisha chujio, na gari linaondoka. Ukishabadilisha chujio mara mbili tatu, tangi limeshakuwa safi na hadithi imeisha.

Lakini si kila kitu huisha kwa kupuliza. Mipira ya mafuta na ngozi laini za ndani ya pampu kwenye magari ya zamani hazikutengenezwa zikijua zitakutana na pombe. Zilivimba, zikalainika, nyingine zikapasuka. Magari ya zamani zaidi yalikuwa na floti ya gamba la mti iliyopakwa vanishi, na kuna vanishi inayoyeyuka kwenye pombe kama sukari kwenye chai. Floti isipoelea vizuri, kabureta inafurika. Na kama ethanoli imeshakunywa maji, mwili wa kabureta, ambao ni aloi ya zinki au alumini, huanza kuota unga mweupe.

Kisha kuna hesabu ya hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kilo moja ya ethanoli inahitaji kilo 9 tu, kwa sababu tayari ina oksijeni ndani yake. Ukichanganya asilimia kumi, mahitaji yanashuka hadi karibu 14.1. Gari la kisasa lina kifaa kwenye ekzosi kinachonusa moshi na kuiambia kompyuta iongeze mafuta. Kabureta haina pua. Inapima kwa tundu lile lile, leo na kesho. Kwa hivyo injini inapata mafuta pungufu kwa karibu asilimia nne kuliko inavyohitaji. Inakuwa nzito kuwaka asubuhi, inasitasita ukikanyaga, na inapata joto zaidi. Juu ya hapo, lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli, kwa hivyo tangi linaisha mapema kidogo.

Haki ya ethanoli pia tuiseme. Inapandisha okteni, yaani injini haigongi ovyo ukipanda mlima na mzigo. Kazi hiyohiyo ilikuwa inafanywa na madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli, sumu ambayo Kenya iliendelea kuivuta mpaka mwisho wa 2005. Kwa hiyo si kweli kwamba pombe ilikuwa uchafu ulioingizwa kwenye mafuta masafi. Mafuta yetu hayakuwa masafi. Na hata baada ya gasoholi kuondoka, injini ziliendelea kuharibiwa na mchanganyiko mwingine usio na kibali, ule wa mafuta ya taa kutiwa ndani ya dizeli na petroli. Ulizidi hadi Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya wachanganyaji.

Sasa turudi kwa ile tofauti ya Nairobi na Ukunda.

Soko kuu la gasoholi lilikuwa Nairobi. Petroli ilipanda kwa bomba kutoka Mombasa, ethanoli ikashuka kutoka Muhoroni, zikakutana huko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ukiipeleka Nairobi, inatoa mafuta mengi kuliko hewa inayoingia. Injini inakuwa imeshiba kupita kiasi, moshi mweusi, plagi nyeusi. Ukiweka gasoholi kwenye gari kama hilo, pombe inapunguza ile shibe. Kasoro mbili zinakutana na kupunguzana. Kwa hivyo dereva wa Nairobi aliyesema "mimi sikuona shida yoyote" alikuwa anasema kweli. Mlima ulikuwa umemlipia sehemu ya deni.

Hapa kwetu hakuna mlima wa kukulipia. Ukunda iko karibu usawa wa bahari, hewa nzito, na kabureta iliyopimwa sawa iko sawa kabisa. Ukiongeza asilimia kumi ya pombe, ule upungufu wote unabaki mikononi mwako. Ongeza joto la Januari na Februari: mchanganyiko huu hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko petroli tupu, na mvuke ukijaa kwenye bomba la mafuta, pampu inavuta hewa badala ya mafuta na gari linagoma katikati ya barabara. Ongeza unyevu na chumvi. Ule ushahidi wa miaka kumi, ambao unaweza kutolewa na mtu yeyote anayetaka kurudisha ethanoli, ni ushahidi wa mahali pa juu na penye baridi. Hautuzungumzii sisi.

Mtu ataniambia, lakini kabureta imekufa, nani bado ana Peugeot 504? Ni kweli zile 504 zilizokuwa zikiunganishwa Mombasa zimebaki chache, na sheria ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka minane imejaza barabara magari yenye kompyuta. Lakini simama dakika tano kwenye makutano ya Diani uhesabu. Boda boda ngapi? Tuktuk ngapi? Tangu 2008, pikipiki ndogo zilipoondolewa ushuru wa VAT, nchi ilijaa Boxer na ndugu zake, na nyingi ya hizo zinapumua kwa kabureta. Kabureta haikufa. Ilihama kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa kijana anayelipa mkopo wa pikipiki kila siku.

Na huyo kijana ni nani mbele ya maji? Petroli yenye asilimia kumi ya ethanoli inaweza kubeba maji kama nusu asilimia hivi. Yakizidi hapo, pombe inaiacha petroli, inashikana na maji, na zote mbili zinazama chini ya tangi, palepale mafuta yanapochotwa. Tangi la boda la lita kumi linahitaji mililita hamsini tu. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa, ile ya birika ya shaba inayouzwa jioni. Kwa hewa peke yake kikombe hicho huchukua muda mrefu kujaa, na boda inayomaliza mafuta yake siku hiyohiyo haina sana cha kuogopa. Lakini kifuniko kilicholegea wakati wa masika, chupa ya plastiki iliyooshwa ikajazwa petroli kabla haijakauka, au tangi la chini ya ardhi linaloingiza maji, hapo kikombe kinajaa mara moja.

Kuna walio na hatari kubwa kuliko boda, na sijawahi kusikia wakitajwa kwenye mijadala hii. Shuka Gazi, Msambweni, Shimoni, Vanga. Mashua nyingi za uvuvi na za kubeba wageni zinasukumwa na injini za nje za viharusi viwili, za kabureta, ambazo oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Mafuta hukaa kwenye madumu, karibu na maji ya chumvi, wakati mwingine wiki nzima bahari ikichafuka. Pombe ikitengana na petroli kwenye dumu kama hilo, tabaka la chini linaloingia kwenye injini linakuwa maji na pombe bila oili ya maana. Injini haizimiki tu, inaweza kujikaanga. Boda ikizimika, unasukuma hadi kwa fundi. Mashua ikizimika nje ya mwamba wakati wa kusi, utasukuma wapi?

Brazil, ambayo kila mtu huitaja, iliamua mambo kwa njia nyingine. Mpango wao wa ethanoli ulianza 1975, na walipotaka magari yaende kwa pombe tupu, walibadilisha gari. Kuanzia 1979 Fiat 147 ya pombe ilikuwa sokoni, na magari ya aina hiyo yalipewa kabureta iliyopakwa nikeli ndani ili isiliwe. Sisi tulibadilisha mafuta tu, na gari tukamwachia fundi.

Lakini si fundi wala kabureta aliyeimaliza gasoholi. Iliuawa na bei. Serikali ndiyo iliyopanga bei ya mafuta miaka hiyo, mpaka soko lilipoachwa huru Oktoba 1994. Bei iliyowekwa kwa ethanoli ilikuwa ndogo, na kuuza pombe nje ya nchi kulilipa zaidi. Ukame ulipunguza miwa, kampuni za mafuta hazikuwa na mapenzi nayo, na kufikia 1993 mpango ukafa bila hata tanzia. Zimbabwe, iliyoanza 1980 Triangle, ilikatizwa na ukame wa 1992. Malawi ilianza 1982 Dwangwa na ikaendelea, na ramani inaeleza sababu: Malawi haina bahari, kila lita ya petroli inavuka nchi ya mtu mwingine. Sisi tuna Mombasa. Meli ikitia nanga na mafuta nafuu, miwa ya Muhoroni inasahaulika.

Kwale nayo ina upande wake kwenye hadithi hii. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kusini mwa Msambweni, kilianza 1927 na kufungwa 1988, katikati ya miaka ya gasoholi. Miwa iliporudi kwenye ardhi hiyo chini ya KISCOL, mipango ilitaja sukari, umeme wa makapi ya miwa, na ethanoli pia. Kwa hivyo siku moja pombe ya kuchanganya na petroli inaweza kutoka hapahapa, kwa miwa ya jirani zetu. Mimi sipingi hilo. Ajira ni ajira, na dola tunazopeleka nje kila meli inapokuja zingefaa kubaki.

Ninachotaka ni mambo matatu, na yote ni madogo. Mafuta yakichanganywa, pampu iandikwe wazi, kwa Kiswahili, asilimia ngapi. Kabla ya kuuzwa Pwani, yajaribiwe Pwani, kwenye Boxer na kwenye injini za mashua, si kwenye gari jipya la ofisi huko Nairobi. Na matangi ya chini ya ardhi yakaguliwe maji kwanza, kwa sababu gharama ya kutoyakagua haitamfikia mwenye tangi. Itamfikia fundi wa kando ya barabara, mwendesha boda, na nahodha wa Gazi. Hao ndio walioachwa nje ya hesabu ya 1983, na hesabu ya mara hii haijafungwa bado.